Wasomaji Wanauliza: Ska, Rege na Panki

Toleo lililopita liligusa rege kwa ukurasa mmoja tu, na barua zilizofuata zimejaza kapu. Tumechagua zile ambazo jibu lake linaweza kutumika, iwe kijiweni au jukwaani.

Mimi na shemeji yangu tumebishana hadi chai ikapoa. Yeye anasema ska ni rege iliyoharakishwa na vijana wa Kizungu. Mimi nasema ska ndiyo mama. Nani alipe chai? — Msomaji, Mwanza

Shemeji alipe. Ska ilitangulia, rocksteady ikafuata mwaka 1966, kisha rege mwaka 1968, na zote tatu zimezaliwa Kingston, Jamaika. Hao Wazungu walikuja miaka kumi na zaidi baadaye, tutawafikia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 watu wa Kingston wasio na kiingilio cha klabu walicheza kwenye saundi sistimu: amplifaya, spika kubwa kama kabati la nguo, na sanduku la santuri za rithimu-na-bluzi kutoka Marekani, hasa za New Orleans. Wenye mitambo waliotajika walikuwa Duke Reid, Coxsone Dodd na, baadaye kidogo, Prince Buster. Silaha yao ilikuwa santuri ambayo mpinzani hana, ndiyo maana walikwangua lebo ili jasusi wa upande wa pili asisome jina la wimbo. Wamarekani walipogeukia roki, santuri za aina ile zikaadimika. Wenye mitambo wakaingia studio kurekodi zao wenyewe, na ile rithimu-na-bluzi ilipopita mikononi mwa Wajamaika waliolelewa na mento, muziki wa kienyeji wa kisiwa hicho, ikatoka na lafudhi nyingine.

Wapigaji hawakukosekana. Shule ya wavulana ya Alpha, ya masista wa Kikatoliki, palepale Kingston, iliwapa watoto wa mazingira magumu brasibendi na nidhamu ya kusoma noti. Humo walipita Don Drummond wa tromboni, Tommy McCook na Lester Sterling wa saksafoni, na Johnny Moore wa tarumbeta. Wote wanne walikuwamo katika The Skatalites ilipoundwa 1964. Bendi hiyo haikumaliza hata miaka miwili. Drummond alimuua mpenzi wake, mcheza dansi Margarita Mahfood, mwanzoni mwa Januari 1965, na mwaka huohuo kundi likavunjika. Lakini kwa muda huo mfupi walikuwa wamepiga nyuma ya waimbaji wengi wenye majina kisiwani, wakiwamo vijana wa The Wailers na Bob Marley wao.

Ukitaka kumaliza ubishi kwa masikio, hesabu "moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na". Katika ska gitaa na piano hukata kwenye "na", kila "na". Besi hutembea, noti moja kwa kila namba. Ngoma ya mguu na snea (ile ndogo yenye mlio mkali) hushuka pamoja kwenye mbili na nne, na mwendo huwa mapigo 120 hivi kwa dakika au zaidi. Kwenye rocksteady mwendo unashuka hadi 80 au 90, na besi inaacha kutembea: inasema neno, inanyamaza, inasema tena. Tarumbeta zinapungua na waimbaji watatu wanaoitikiana wanashika nafasi yake. Rege ya mwanzo ilichangamka kidogo, kisha miaka ya 1970 ikatulia, mara nyingi kati ya 65 na 80, kinanda kikichemka kati ya pigo na pigo. Jina lenyewe lilitua kwenye santuri mwaka 1968, The Maytals walipotoa "Do the Reggay".

Kwa hiyo ile "na" haikuhama popote. Uwanja ulio kati ya "na" moja na nyingine ndio uliopanuka, na besi ikahamia humo.

Bendi yetu ya hotelini (gitaa, besi, drams, kinanda) inapiga rege kila Jumamosi kwa sababu wageni wanaitaka. Noti ni sahihi, lakini inasikika kama kwaya yenye haraka. Tunakosea wapi? — Mpiga gitaa, Diani

Anzeni na mpiga drams, maana huenda mguu wake unapiga "moja". Dansi na muziki wa kanisani vimemzoesha hivyo. Katika mtindo wa wan-dropu, ule ambao Carlton Barrett wa The Wailers aliufanya sheria, "moja" haina kitu. Mguu na stiki vinagonga pamoja kwenye mbili na nne tu. Stiki ilazwe juu ya snea, ncha ikigusa ngozi na kitako kikigonga ukingo wa chuma, itoe "ko" badala ya "pwa". Ngoma ya mguu ilegezwe na kutiwa mto au blanketi ndani ili isivume.

Zoezi linalotibu haraka: wekeni metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye 75, kisha mkubaliane kwamba kila mlio wake ni "na", wala si namba. Dakika tano za kwanza mtapotea, kila mtu atarudi kwenye namba bila kujijua. Endeleeni. Siku mnayoweza kupiga wimbo mzima bila metronomu kuwageuza, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa wewe wa gitaa. Tumia nyuzi tatu nyembamba tu, na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kubana kwa kidole kimoja kilicholala, si kodi za wazi. Sababu ni kwamba waya ulio wazi huwezi kuunyamazisha kwa mkono wa kushoto, ila kodi ya kubana unailegeza tu na sauti inakufa hapohapo. Mkono wa kulia unashuka, "chak", wa kushoto unalegea. Kodi isiishi zaidi ya robo ya pigo. Amplifaya iwe safi kabisa, punguza sauti nzito, ongeza kali. Ukisikia kodi inavuma hadi kwenye namba inayofuata, hiyo ndiyo kwaya unayoilalamikia.

Kinanda ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Chagua sauti ya ogani. Ligawe kila pigo mara nne: sehemu ya kwanza kimya, ya pili mkono wa kushoto, ya tatu wa kulia, ya nne wa kushoto. Mkono wa kulia unaangukia "na" pamoja na gitaa, wa kushoto uwe chini zaidi na laini. Mkipiga gitaa na kinanda kwenye oktavu moja mtapata uji. Kimoja kipande, kingine kishuke.

Mpiga besi afunge kitufe cha toni karibu chote, adonoe karibu na shingo ya gitaa badala ya karibu na daraja, na aache mapengo. Aimbe laini yake kwa mdomo bila chombo. Kama haiimbiki, ina noti nyingi mno.

Wimbo ukianza 75 ukaisha 84, mara nyingi kosa si la drams. Ni gitaa linalowahi "na" kwa woga wa kile kimya cha "moja". Na wageni wakitaka kucheza zaidi, msikimbize mwendo: mwambieni mpiga drams aweke mguu kwenye moja, mbili, tatu na nne zote. Huo nao ni mtindo halali wa rege, na sakafu hujaa.

Nilinunua fulana ya mtumba Karume: mwanamume wa suti nyeusi, tai nyembamba, kofia, na vimraba vyeusi na vyeupe pembeni. Huyu ni nani? — Msomaji, Dar es Salaam

Umeokota nembo ya 2 Tone, lebo iliyoanzishwa na Jerry Dammers katika mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1979. Mtu huyo wa kuchora anaitwa Walt Jabsco, na mkao wake umetokana na picha ya Peter Tosh, mwenzake Bob Marley katika The Wailers, kwenye jalada la albamu ya The Wailing Wailers. Ndiyo, Tosh, alipokuwa bado anavaa suti.

Coventry ulikuwa mji wa viwanda vya magari vilivyoanza kudorora, na watoto wa wahamiaji kutoka Jamaika walisoma darasa moja na watoto wa Kiingereza. Bendi ya Dammers, The Specials, ilikuwa na weusi na weupe: Lynval Golding na Neville Staple walizaliwa Jamaika. Walichukua "na" ya ska ya 1964, wakaipigia gitaa na hasira ya panki, ile roki ya kasi na kelele. Santuri yao ya kwanza, "Gangsters", imejengwa juu ya "Al Capone" ya Prince Buster. Upande wa pili uliwekwa kipande kilichoitwa "The Selecter", na baadaye ikaundwa bendi ya jina hilo, akiimba Pauline Black. Madness nao walianzia lebo hiyohiyo, na jina lao ni la wimbo wa Prince Buster.

Kwa tromboni The Specials walimwita Rico Rodriguez, mzee aliyepita Alpha, ileile ya masista. Wimbo "A Message to You, Rudy" uliporekodiwa mara ya kwanza na Dandy Livingstone mwaka 1967, Rico ndiye aliyepuliza. The Specials walipourudia 1979, ni Rico tena. Julai 1981, miji ya Uingereza ikiwaka ghasia, wimbo wao "Ghost Town" ulikuwa namba moja nchini humo. Ulirekodiwa kwenye studio ndogo yenye njia nane tu za kurekodia sauti.

Fulana usiifue kwa maji ya moto. Vimraba vya zamani hubanduka.

Panki ni kelele, rege ni utulivu. Wale vijana wa London waliipendeaje rege? — Msomaji, Nairobi

Jibu fupi: santuri za panki zilikuwa bado hazijatengenezwa. Klabu ya The Roxy ilipofunguliwa London mwishoni mwa 1976, panki ya Uingereza ilikuwa na santuri za kuhesabu kwa vidole. "New Rose" ya The Damned, iliyotoka Oktoba mwaka huo, ndiyo iliyotangulia. Don Letts, DJ aliyezaliwa London kwa wazazi Wajamaika, alijaza muda kati ya bendi na bendi kwa santuri za rege alizotoka nazo nyumbani. Panki wakazizoea, kisha wakaziomba.

Jibu refu lina miaka mingi ndani yake. Meli Empire Windrush ilishusha bandarini Tilbury, Uingereza, tarehe 22 Juni 1948 mamia ya watu kutoka Karibi, na waliofuata walileta saundi sistimu zao hadi kwenye vyumba vya chini vya Brixton na Notting Hill. Mtoto wa London aliyekua miaka ya 1960 alisikia besi ya jirani kupitia ukuta. Mwaka 1969 "Israelites" ya Desmond Dekker ilishika namba moja Uingereza. Ilipofika 1976, kijana mweupe asiye na kazi na kijana mweusi anayesimamishwa na polisi kila kona walikuwa na adui anayefanana, ingawa si mzigo ule ule, na wasichanganywe.

Agosti 1976 karnivali ya Notting Hill iligeuka vita na polisi. Joe Strummer na Paul Simonon wa The Clash, bendi ya panki ya London, walikuwepo, na kutokana na siku ile ukaandikwa wimbo "White Riot". Albamu yao ya 1977 ina "Police and Thieves", wimbo wa Junior Murvin ambao mtayarishaji Lee Perry aliurekodi Kingston mwaka uliotangulia. Perry mwenyewe, alipopita London, akawasimamia studio katika "Complete Control". Bob Marley naye akajibu kwa "Punky Reggae Party". Tarehe 30 Aprili 1978 vuguvugu la Rock Against Racism (Roki Dhidi ya Ubaguzi) likawaweka jukwaa moja, Victoria Park, The Clash, Steel Pulse kutoka Handsworth, Birmingham, na X-Ray Spex, ambao mwimbaji wao Poly Styrene alikuwa na baba Msomali.

Na asikudanganye mtu kwamba panki ni mali ya Wazungu. Bad Brains wa Washington, weusi wanne waliotokea kwenye jazi, walipiga panki kwa kasi ambayo wengi waliifukuzia bila kuifikia, kisha katikati ya onyesho wakageuka wakapiga rege taratibu.

Nyabinghi ya Marasta ni Nyabingi yetu ya Kigezi? — Msomaji, Kabale

Jina ni hilohilo, lakini ngoma ambazo Marasta huziita Nyabinghi sivyo. Kwenu, kusini-magharibi mwa Uganda na kaskazini mwa Rwanda, Nyabingi ni mzimu wa kike aliyekuwa na waganga na wafuasi. Muhumusa, aliyezungumza kwa jina lake, aliongoza upinzani dhidi ya wakoloni hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1911. Habari ilivuka bahari kwa njia iliyopinda. Mwaka 1935, Italia ikivamia Ethiopia, gazeti moja la Jamaika lilichapisha makala yaliyodai kuna jumuiya ya siri iitwayo Nyabinghi, ikiongozwa na Haile Selassie, yenye lengo la kuwaua Wazungu. Ilikuwa propaganda ya kuwatisha watu wa Ulaya. Marasta waliisoma kinyume, wakalipenda jina.

Ngoma zenyewe zina asili nyingine, upigaji wa burru uliobaki Jamaika tangu enzi za utumwa, na Count Ossie ndiye aliyezileta studio, kwenye "Oh Carolina" ya Folkes Brothers. Ziko tatu. Ngoma kubwa inapigwa kwa rungu lililofungwa kitambaa, pigo moja zito na jingine lililozimwa. Funde inashika mapigo mawili kama moyo, bila kubadilika hata usiku kucha. Ripita, ndogo na yenye sauti ya juu, ndiyo pekee yenye ruhusa ya kuzungumza. Wanaoanza hukimbilia ripita. Shikeni funde kwanza.

Tuko wanafunzi wanne: gitaa moja, besi ya kuazima, drams za kanisani. Tunataka kurekodi nyimbo nne za panki. Lazima tutafute mfadhili? — Kampala

Hapana. Buzzcocks, bendi ya panki ya Manchester, Uingereza, walirekodi nyimbo nne kwa siku moja, 28 Desemba 1976, kwa fedha walizokopa kwa ndugu na marafiki, pauni 500 hivi, wakachapisha santuri 1,000 kwa lebo yao wenyewe. Kwenye jalada waliandika kila wimbo ni jaribio la ngapi. Ramones wa Queens, New York, albamu yao ya kwanza ya 1976 ina nyimbo 14 na haifiki dakika 30. Kijarida cha Uingereza cha Januari 1977 kilichora kodi tatu, za gitaa, si za mamlaka ya mapato URA, kikawaambia wasomaji waanzishe bendi.

Fanyeni hivi. Gitaa lipige noti mbili tu za kila kodi, ya msingi na ya tano, na mkitaka mrudie ya msingi juu yake. Ya tatu iacheni: ikipita kwenye amplifaya inayounguruma inagombana na wenzake, na kodi inakuwa matope. Mkono wa kulia ushuke tu, usipande. Johnny Ramone alipiga hivyo. Kwa mapigo 170 kwa dakika ni kushuka mara 340, kwa hiyo kaza kifundo kidogo tu na ufanye mazoezi ya dakika mbili-mbili, la sivyo mkono utaganda kwenye wimbo wa pili.

Mngurumo uwekeni nusu ya mlivyozoea. Kosa kubwa la bendi changa ni kuongeza mngurumo ili kupata nguvu. Ukizidi, mwanzo wa kila kodi unafutika na gitaa linarudi nyuma. Nguvu inatoka kwa besi na gitaa kupiga noti zile zile, wakati uleule.

Rekodini wote kwa pamoja. Amplifaya ya gitaa ipelekeni chumba kingine, au chooni mlango umefungwa, maikrofoni ikiwa sentimita tano kutoka kwenye spika na imehama kidogo kutoka katikati yake. Drams za kanisani huwa zimekazwa kwa ukumbi mkubwa. Legezeni na mbandike kipande cha kitambaa kwenye snea. Majaribio matatu kwa kila wimbo. Jaribio la nne huwa safi zaidi na baya zaidi. Sauti ya kuimba irekodiwe mwisho, mwimbaji akiwa amesimama.

Kinyozi wangu ananyoa "panki". Ndiyo waliyonyoa hao Ramones? — Msomaji, Morogoro

Hapana, Ramones walifuga nywele ndefu zilizofunika macho, kama pazia. Nywele za kusimama katikati ya kichwa zilienea baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa bendi za Uingereza kama The Exploited.

Skinhedi si wabaguzi? Mbona nasikia walipenda ska? — Msomaji, Kigoma

Wa kwanza, wa 1969, walikuwa vijana wa Uingereza wenye vipara, wa mitaa ya wafanyakazi, walionunua santuri za Jamaika, hasa za lebo ya Trojan, ingawa hata kati yao wapo waliowapiga wahamiaji wa Kiasia. Vyama vya kibaguzi viliwanasa vipara wa kizazi kilichofuata, mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadhi yao wakaenda kuvuruga hata maonyesho ya 2 Tone. Wapo skinhedi wanaopinga ubaguzi hadi leo. Usimhukumu mtu kwa kipara.

Nina kompyuta na programu ya kurekodi. Mwangwi wa dub naupataje usiwe fujo? — Msomaji, Zanzibar

Dub ni rege iliyochanganywa upya kwa kuondoa sauti na kutia mwangwi. King Tubby, fundi wa umeme wa Kingston aliyekuwa bingwa wake, alikuwa na njia nne tu za sauti na meza ya kuchanganyia aliyoinunua ikiwa imetumika, na alifanya kwa kuondoa zaidi kuliko kuongeza. Anza kwa kubakiza besi na drams peke yake. Kisha gawanya 60,000 kwa mwendo wa wimbo: kwa 75 unapata milisekunde 800 za pigo zima. Weka mwangwi kwenye 600, yaani robo tatu ya pigo, ili uangukie pembeni ya gitaa badala ya juu yake.

Mwangwi usiuache wazi muda wote. Utume kwa neno moja la mwisho wa mstari, au kwa "ko" moja ya snea, kisha ufunge. Urudishaji, yaani kiasi cha mwangwi kinachorudishwa ili ujirudie, uwe asilimia 40 hadi 50. Ukikaribia 100 sauti inajilisha yenyewe hadi spika zilie, na hapo mkono uwe tayari kwenye kitufe. Mwangwi wenyewe ukate sauti nzito chini ya hezi 200, maana besi yenye mwangwi ndiyo inayogeuza dub kuwa fujo.